Kompyuta Niliyoifukiza Udi

Juzi ofisi yetu ya kilimo hapa Malindi ililetewa kompyuta, kitu ambacho sikuwa nimepata kukiona maishani. Wakulima wangeelezea udongo wa mashamba yao, nayo ingewaambia wapande nini. Sasa kwetu mgeni wa heshima akija, nyumba hufukizwa udi. Mimi, karani mzima, nikaona kompyuta nayo ni mgeni. Nikaweka chetezo chenye makaa na udi chini ya meza yake, nikashusha kitambaa cha meza, nikatoka kuwapokea wakulima. Maamkizi yakawa marefu, chetezo kikanitoka akilini kabisa.

Bwana Shamba, mkubwa wangu, ndiyo kwanza alikuwa anaanza kubonyeza, wakulima wameizunguka meza, Mama Kadzo, mkulima wa mihogo kutoka Dabaso, aliponivuta mtandio.

"Mwanangu, mbona mgeni wenu anafuka moshi?"

Kweli, moshi ulikuwa ukipanda nyuma ya kompyuta. Harufu sikuitambua, maana nguo zangu nazo nilikuwa nimezifukiza asubuhi. "Inaungua," nikasema, nikanyakua ndoo ya maji ya kupigia deki, nikaimwagia yote. Kioo kikalia pa, kikazima. Taa nazo zikazima.

Bwana Shamba akainua kitambaa taratibu. Chetezo changu cha harusi kilikuwa kikavu, kinafuka vizuri, udi unanukia chumba kizima.

Mama Kadzo akakitazama, kisha akanitazama mimi.

"Na hiki, mwanangu," akauliza kwa upole, "mbona hukukimwagia?"