Msiba Uliosomwa kwa Sauti Yangu

Jina langu silitaji hapa. Lilishatajwa mara moja redioni, likatosha.

Nimesoma mpaka darasa la saba, kijijini kwetu upande wa kwenda Msata. Mkono wangu ni wa jembe, lakini Mungu alinipa sauti. Tangu ujana mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti cha msikiti kutangaza misiba. Nikisema "Inna lillahi", wanawake wanaepua vyungu na wanaume wanatua majembe kabla sijafika kwenye jina la marehemu. Sauti hii haikuwahi kusema uongo. Hilo mlikumbuke, maana ndilo lililoniua.

Nilishapita miaka arobaini nilipokwenda chuo cha habari na mawasiliano pale Bagamoyo. Mkuu wa chuo alinisikia kwenye maulidi, akanifuata, akasema sauti kama ile inaozea shamba bure, na kwamba anayo kozi fupi ya utangazaji isiyodai cheti cha sekondari. Mama alinipa baraka zake. Alikuwa na redio yake ya betri, hulala nayo kando ya mto wake wa kulalia. Akasema siku akinisikia humo atakufa ameridhika.

Wenzangu darasani walikuwa watoto wa kuwazaa mwenyewe. Wakiniamkia shikamoo nikaitikia marahaba, wanacheka, eti hata marahaba yangu ina msiba ndani. Msichana mmoja wa Mapinga ndiye aliyenipachika jina la Mzee Matanga. "Mzee, wewe hata bei ya ndizi ukiisoma watu watatafuta kanga za kujitanda." Nilicheka nao. Hao sina neno nao.

Studio ilikuwa chumba kilichozibwa kila upande, kuta zimepigwa sponji, kioo kimoja tu cha kuonana na walio nje. Ukishafunga mlango husikii kuku, husikii gari, unasikia damu yako tu masikioni. Unasema neno, halirudi. Mara ya kwanza kuingia nilijiambia, kumbe mwanandani wa kaburi uko hivi.

Ikafika siku ya somo la matangazo ya vifo. Mwalimu wa utangazaji alitaka kila mmoja atunge lake na alisome. Wenzangu wakabuni majina ya kuchekesha. Mimi sikuweza. Kwetu kifo hakifanyiwi mchezo, na jina lolote utakalolibuni lina mwenyewe mahali fulani, yu hai, anakula zake. Nikamweleza mwalimu. Akasema basi nijitangaze mwenyewe, maana nani atanishitaki. Nikaona sawa, ubaya wake nitaubeba mimi. Nikajiandika kama ninavyowaandikia wengine: jina langu na la baba, kijiji, mwili unaletwa kutoka Bagamoyo, mazishi leo baada ya swala ya alasiri, habari ziwafikie dada yangu wa Mlingotini na ndugu na jamaa popote walipo.

Nilipomaliza, upande wa pili wa kioo hakuna aliyecheka. Yule msichana wa Mapinga alikuwa amejiziba mdomo. Mwalimu akasema hilo sasa ndilo tangazo.

Hapa nasema wazi. Mwalimu yule alilihifadhi kwenye kompyuta pamoja na matangazo ya kweli ya siku ile, bila alama yoyote, akatoka kwenda kunywa supu. Ulipofika wakati wa matangazo ya vifo, mwanafunzi wa zamu katika redio ya chuo akayaachia yote yaliyokuwamo. Mimi nilikuwa nimerudi darasani, simu zetu ziko kwenye ndoo, kama ilivyo kawaida siku za kurekodi.

Nilipoichukua yangu, ilikuwa imejaa watu walionitafuta. Nikampigia dada wa Mlingotini. Nikasema, dada, ni mimi. Nikasikia kilio chembamba, cha mtu aliyejiziba kwa kanga, halafu simu ikakatwa. Nikirudia, imezimwa. Baadaye aliniambia alidhani kile kilichosoma redioni kimemfuata mpaka kwenye simu.

Nikachukua bodaboda hadi kijijini. Nilikuta turubai limefungwa, wali wa msiba uko jikoni, vijana wanatoka makaburini na udongo mikononi. Aliyeniona kwanza ni mjomba. Hakupiga kelele. Alinitazama miguu. Kisha wote waliokuwa mkekani wakaitazama miguu yangu, waone kama ni ya mtu au ina kwato. Nikavua viatu.

Mjomba akaja akanibinya mkono. Akasema, "Ana joto." Ndipo watu wakapumua, wengine wakacheka kicheko kisichofika machoni. Lakini kaburi lilishachimbwa, na kaburi lililochimbwa haliachwi tupu, litaita mtu. Wakakata mgomba, wakauvisha sanda iliyonunuliwa kwa ajili yangu, wakauzika. Nilisimama nyuma ya wazikaji, sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Mama hakutoka chumbani. Nilimwamkia nikiwa nje ya pazia.

"Usiniamkie," akasema. "Mwanangu kasema mwenyewe kafa. Mwanangu hasemi uongo."

"Mama, lilikuwa somo."

"Redio ilisema. Na ikanushe redio."

Kesho yake nilirudi chuoni. Sikutaka fidia, sikutaka radhi. Nilimwomba mkuu wa chuo maneno machache tu yasomwe hewani, kwa sauti ya mtu mwingine, kwamba mimi ni mzima. Akakataa.

"Mzee, tukisema tumekosea, kesho nani atatuamini?"

Nikamwambia mama yangu haniiti jina langu. Akajibu, si uko hai, nenda kamwonyeshe. Mwalimu alikuwa pembeni, akasema ni hitilafu ya mtambo. Mtambo unalijua jina la baba yangu? Nimewapima wote wawili miaka yote hii. Mwalimu alisahau. Mkuu hakusahau, alijua na akakaa kimya, na chuo chake kina wanafunzi mpaka leo.

Nikaenda msikitini, imamu akanipa kipaza sauti. Nikatangaza kwamba mimi, fulani bin fulani, ni mzima. Sauti ikapita juu ya mihogo ikafika nyumbani. Mama alifunga dirisha. Alimwambia dada, "Ndiyo hiyo hiyo. Jana ilisema, leo inakataa. Niamini ipi?" Sikurudi chuoni, wala sijakishika kipaza sauti tena.

Polepole alinikubali ndani. Anakula ninachopika, ananiegemea akienda uani. Ila jina alinipa jingine, jina la mtoto anayezaliwa baada ya mwenzake kuzikwa. Lile la zamani ameliacha kwa mwenyewe.

Ijumaa asubuhi ananitaka nimbebee ndoo ya maji mpaka kaburini. Anachuchumaa, anang'oa majani, anaanza kuzungumza, na hapo ndipo ninapolisikia jina langu, analiita kwa upole ule wa utotoni.

"Usiwe na wasiwasi, mwanangu," analiambia lile tuta la udongo. "Nimekuja na mdogo wako. Ananitunza."

Kisha anaomba dua. Mimi namimina maji na kuitikia amina, kwa sauti ya chini sana, asije akaitambua.