Bangili ya Aliyerukwa

Dada yangu mkubwa, Tarwiyah, ana mikono iliyokwaruzwa na chumvi na majivu. Tangu usichana wake anatengeneza mayai ya bata ya chumvi hapa mjini Brebes, na hajaolewa mpaka leo. Kwenye mkono wake mmoja ilikaa bangili nzuri kuliko zote mtaani kwetu.

Alipewa siku mdogo wake, Ruminah, alipoolewa na Kaswadi. Kwa desturi yetu, mdogo akitangulia kuolewa, bwana harusi humpa dada aliyerukwa kitu cha kumtuliza moyo. Tarwiyah aliomba kitambaa cha batiki tu. Kaswadi akaleta bangili. Tangu hapo, kila sikukuu tulipokaa kula, macho ya Ruminah yalikuwa kwenye mkono ule, si kwenye sahani.

Mwaka huu paa la Tarwiyah lilibomoka, akataka kuiuza. Mimi ndiye ndugu yao wa kiume, basi akaniomba nimsindikize kwa sonara. Ruminah aliposikia akaja mbio, mkufu wake wa mahari shingoni.

"Na wangu upimwe," alisema. "Kwani sonara ni wako peke yako?"

Sonara, Mzee Liong, aliisugua bangili kwenye jiwe jeusi, akadondosha tindikali kwenye mstari ulioachwa. Mstari haukufifia. Akausugua mkufu. Mstari ukapauka, ukabaki kama uzi.

"Bangili ni dhahabu karibu tupu," alisema. "Mkufu umetiwa shaba nyingi." Akaviweka kwenye mizani. "Na kwa uzito, bangili ni mara mbili."

Ruminah akamgeukia dada yake. "Ulimfanyia nini mume wangu?"

"Nilimpisha."

"Hakuna anayepewa dhahabu hivi kwa kupisha tu!"

"Wewe ulipata mume na watoto. Mimi nilipewa hii ninyamaze. Hata hii unaionea kijicho?"

Ruminah akashusha sauti. "Basi niuzie mimi, dada. Bei atakayotaja mzee nitalipa."

"Uivae wewe?"

"Si ilitoka kwa mume wangu?"

Tarwiyah akacheka kicheko kikavu. Nilikijua. Ndicho alichocheka siku ile ya harusi, akiwapakulia wageni wali.

"Mzee Liong, ukinunua dhahabu huwa unaiyeyusha?"

"Ikiwa imechakaa. Lakini hii ni kazi safi, dada, kesho tu ingepata mtu."

"Ndiyo maana nataka uiyeyushe sasa hivi, tukiona."

"Dada, usifanye hivyo!" Ruminah alisema.

Mzee akanitazama mimi, kana kwamba mwanamume ndiye wa kuamua. Nikatazama ndala zangu. Akawasha moto.

Bangili ikawa nyekundu, ikalegea, ikajikunja, ikawa tone. Ruminah alishika ukingo wa meza. Tarwiyah hakuutazama moto hata mara moja. Alikuwa akimtazama mdogo wake usoni.