Nyimbo Zangu za Upanga Zimemufungisha Yaya Wangu

Barua hii imetufikia leo kutoka Bukavu. Jina la mwenyewe tumeliacha nje. Mukimujibu, mumujibu kama dada yenu.

Admin, asante kunificha. Niko mwanamuke wa miaka makumi mbili na saba, sina bwana, nashona nguo ku nyumba na naimba mu chorale ya paroisse, huku Cimpunda. Naishi na mama na yaya wangu, kaka yangu mukubwa, mutoto wa kwanza kwetu. Yeye ni soudeur, atelier yake iko Kasha, anatengeneza milango na madirisha ya chuma. Mutu wa kimya kabisa. Leo ni siku ya ine hajalala kwetu, na kosa ni yangu.

Musinicheke. Ao mucheke tu, najua inachekesha. Napenda muziki inaitwa power metal. Yaya alinunua telefone ya occasion, ya kutumika tayari, ku soko ya Kadutu, ndani yake mulibaki nyimbo za mwenye kuiuza. Wazungu wa nywele ndefu, wamevaa ngozi na manyoya kama wanaenda kuwinda, wanaimba juu, juu, kama mutu amekanyaga kaa la moto. Guitare zinakimbia, kinanda kinalia, na kila wimbo ni ileile: joka la moto, mufalme, upanga, mulima, halafu wema unashinda. Aka! Hata mutoto wa maternelle angeona ni muchezo. Lakini siku ya kwanza nilisikiliza nikiwa ku mashine ya kushona, nikalia. Mu muji huu, tangu ulibadilisha wakubwa, tunaongea pole pole, hata ku robinet ya kuteka maji mutu anaangalia nyuma mbele ya kufungua kinywa. Na huyu mutu anapiga kelele na mapafu yake yote, bila haya, eti tutashinda! Nilitaka hiyo tu.

Yaya alikuwa ananichokoza. "Mudogo, leo ile joka imekufa mara ngapi?" Siku ya anniversaire yangu, siku nilizaliwa, akanitengenezea upanga na kipande cha chuma ya ressort ya gari. Hauna makali, hauwezi kukata hata avoka. Tuliutundika nyuma ya mulango, na mama anaanika hapo kitenge yake ya jikoni.

Sasa niwaambie juu ya kaye, daftari ya kuandikia. Sisi wa chorale, kila mutu ana kaye yake ya kuandikia nyimbo. Mimi nilikuwa na ya pili, ya siri, ya zile nyimbo zangu. Nilikuwa nazigeuza mu Kiswahili mustari kwa mustari, nipate kuzielewa. Kwetu kaye haitupwi kama kurasa nyeupe zimebaki, basi nilichukua ya zamani ya yaya, ya wakati alikuwa anasoma technique, masomo ya ufundi. Juu yake kuna jina lake lote na avenue yetu. Ndani niliandika hivi: "Ndugu wa chuma, mufalme amelala mu mulima. Siku pembe italia tutashuka na mapanga, na muji utakuwa wetu tena."

Mukiishi huku munaelewa tayari.

Jumamosi ku répétition, mazoezi ya chorale, tulipanga kaye zetu zote juu ya banc, kama kila mara, twende kusali. Mimi nilikuwa nimebeba zote mbili. Kutoka, nikachukua ya chorale, ile ingine ikabaki. Jumapili niliiulizia, kila mutu anasema hajaona. Wawili hawakuniangalia mu macho.

Jumanne asubuhi walikuja ku atelier. Musiniulize ni nani. Maman mumoja anauzisha mikate karibu pale njo alitueleza. Walimuonyesha kaye: "Hii ni jina yako?" Akasema ndiyo. "Mufalme ni nani? Mulima gani? Na weye unachoma vyuma hapa, mapanga ngapi umeshatengeneza?" Yaya akafungua, akaangalia mwandiko. Anaujua, sababu yeye njo alinishika mukono nikijifunza kuandika. Akafunga pole pole. Akasema, "Ni mimi niliandika." Wakaenda naye, wakamufunga.

Hakusema kama ni nyimbo. Angesema hivyo, wangeuliza nani anaziimba.

Kila siku mama anamupelekea chakula. Haelewi kitu. "Nyamuzinda, Mungu wetu! Huyu mutoto alianza lini mambo ya mulima? Weye njo rafiki yake, hakukuambia?" Namujibu hapana, mama. Ee Mungu, nimeshasema hapana mara ngapi! Jana walimuruhusu amuone kidogo. Uso umevimba upande mumoja. Yaya akamutuma neno moja kwangu: "Ambia mudogo asiimbe." Mama anafikiri ni juu ya misa ya Jumapili, ameshanifungia uniforme ya chorale mu sanduku.

Moyo wangu unaniambia niende. Nibebe telefone, niwawekee ule wimbo, niimbe mbele yao mpaka pale juu kwenye sauti yangu inapasuka, waone huu upuzi wa joka na manyoya, wacheke, wamuachilie. Wakicheka tumepona. Na wasipocheka? Mama atakuwa anabeba sahani mbili.

Wamemuambia mama kesho watakuja kupekua nyumba. Upanga uko palepale nyuma ya mulango. Nikiutoa, majirani wataniona naubeba. Nikiuacha, nani ataamini kama ni wa anniversaire?

Munaonijua kwa haya maneno, nawaomba munyamaze. Mu zile nyimbo kila mara mutu mumoja anasimama na kusema "ni mimi". Anaweza, guitare zote ziko nyuma yake. Mimi nyuma yangu kuko mama, anaosha sahani ya yaya, anaimba kidogo kidogo wimbo wa chorale asijue naandika nini.

Nishaurini, ndugu zangu. Niende niimbe, ao nimutii yaya? Mujibu leo.