Kode ya Josaphat Haikuzikwa

Kaka yangu Josaphat alizaliwa Kirumba, akakulia Butembo, akaoa, kisha akaenda kulima kakao nyuma ya Beni kwa sababu milima ya kwetu imejaa watu. Walimcheka: kakao hailiwi, vita ikija utakula nini? Akajibu, "Bazungu bakule chokoleti, miye nitakula ndizi chini ya miti yake."

Alikuwa mtu wa kazi ya taratibu. Alivundika kakao ndani ya sanduku la mbao, akaifunika kwa majani ya migomba, na kila alipotaka kuigeuza alifanya kwanza ishara ya msalaba. Kampuni inayonunua ikampenda. Ikampa furushi la vijikaratasi vilivyochapwa kode, ule mraba wa madoa meusi, abandike kimoja kwenye kila gunia. Mnunuzi wa ng'ambo akielekeza simu pale, anaona shamba liko wapi na nani amelima, hata picha yake. Josaphat alijivuna. "Hata Ulaya banajua jina yangu! Hapa chefu wa kijiji ananijua siku ya kodi tu."

Watu wenye silaha waliomuua walimkuta akivuna. Siandiki zaidi, Mungu aliona. Nyumba waliichoma pamoja na picha zote. Florentine, mke wake, alifika kwangu Vulamba, huku Butembo, na kitenge kimoja, na mtoto wao Bénite mgongoni.

Tulipomaliza matanga, wazee waligawa vitu vya marehemu kama ilivyo desturi yetu: panga, buti, jembe, vilivyopona kwenye kibanda cha kukaushia. Phinées, aliyelima jirani naye na kusaidia kubeba maiti, aliulizwa anataka nini. Akakataa buti. Akakataa jembe.

"Munipe tu hizi karatasi ziko na jina yake," akasema, akionyesha lile furushi la vijikaratasi vya kode. "Ni souvenir, ya kumukumbuka."

Mama yetu alimkumbatia akalia. Wazee wakasema, tazameni rafiki wa kweli.

Miezi ikapita. Bénite akaanza kumwita "papa" kila mwanaume aliyevaa kofia kama ya baba yake. Florentine, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, akaniambia, "Yaya, nenda ku depo. Picha yake iko mu ile kode. Mutoto anasahau."

Nikaenda kwenye depo, ghala la ile kampuni inayonunua kakao. Simu yangu ni ya tochi, kwa hiyo nilimwomba kijana wa depo, Zorobabel, anifungulie.

"Mama, ile ukurasa hapana ya bote. Ni ya banunuzi, iko na mot de passe, neno ya siri."

"Uso ya ndugu yangu iko na mot de passe?"

"Njo règlement, mama, sheria ya kampuni."

"Donc mutu wa chokoleti anamuona, mutoto wake hapana? Zorobabel, ulibatizwa wewe?"

Akacheka kwa aibu, akageuza kioo cha kompyuta upande wangu. "Angalia tu. Kutoa ku karatasi ama kuipiga na simu, hapana. Batanifukuza."

Josaphat akatokea, amesimama kati ya miti yake, anacheka. Nililia mpaka kijana akaniletea kiti. Nilipofuta macho nikaona, chini ya picha, orodha ya magunia. La mwisho lilikuwa la wiki iliyopita.

"Hii ni nini? Tulimuzika mbele ya Pasaka."

"Système inasema analeta, mama. Tena analeta mingi kupita zamani."

"Marehemu anabeba gunia?"

Akashusha sauti. "Phinées njo anazibeba."

Kila mtu wa Beni anajua kwamba mashamba ya waliouawa yanavunwa. Wanaovuna ni wale wenye silaha, na wale wasiowaogopa wenye silaha kwa sababu wanazozijua wao. Kakao hiyo haina jina, na gunia lisilo na jina depo inalikataa. Phinées aliipa jina. Kakao iliyomwagiwa damu ya kaka yangu ilikuwa inauzwa kwa uso wa kaka yangu.

Nikatoka. Alikuwa uani, anashusha magunia kwenye pikipiki.

"Phinées, Josaphat anakusalimia."

"Ah, yaya Jemima! Mungu akubar—"

"Acha Mungu. Hii kakao ni ya nani?"

Akatazama chini, kisha akanitazama bila haya. "Yaya, mutu alikufa, kode iko muzima. Miye sikuua mutu. Nikiacha, mwingine atakamata. Batoto bangu bakule nini?"

"Na Bénite akule nini?"

Akaendelea kufungua kamba.

Nikarudi ndani. "Zorobabel, funga hii kode."

"Familia inaweza, kama iko na cheti ya kifo. Mais mama, nikifunga, ukurasa yote inafutika. Na picha."

Cheti kilikuwa mkobani mwangu, nilikuja nacho nikidhani watakiomba kwa ajili ya picha. Nilimtazama Josaphat kwa muda mrefu. Nilitaka nimbebe kwa macho.

"Funga."

Kioo kikawa cheupe. Uani mlinzi akamwambia Phinées arudishe magunia yake, naye akapiga kelele kwamba mimi ni mchawi, watu wote wakasikia.

Nyumbani Florentine alikuwa mlangoni. "Iko wapi?" Nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ile picha ilikuwa ya mutoto, yaya. Haikukuwa yako." Akaingia chumbani na Bénite. Tangu hapo hali chakula mezani kwangu. Ana haki ya kukasirika, na hata leo ningeifunga.

Jumapili nilimwona Phinées kwenye mstari wa komunyo, mikono ameikunja kama malaika. Nikatoka kwenye mstari, nikarudi kwenye benchi. Padri anasema tusamehe saba mara sabini. Sijaanza hata ya kwanza, na Bwana anajua kwamba simdanganyi.

Bénite, ukijua kusoma, hii ni yako. Baba yako alikuwa na paji pana. Nyusi ya kushoto ilikatwa na kovu, alianguka utotoni akikimbiza mbuzi. Meno ya mbele yalikuwa na mwanya. Alipocheka, jicho la kulia lilifumba kabla ya lingine, na lako linafanya vilevile.