Treni ya Mzee Kipimo

Wenzake wa kazini walimwita Kipimo, na jina hilo hawakumpa kwa heshima. Miaka thelathini na moja alitembea katikati ya reli na chuma chake cha kupimia, akitafuta mahali zilipoachana kwa unene wa ukucha, na siku asipopaona alinuna kutwa nzima. Sasa alikuwa amestaafu, na kwa maoni yake dunia ilibaki mikononi mwa watu wasiopima kitu.

Ijumaa moja aliingia duka la vitu vya watoto kumnunulia mjukuu wake treni. Mjukuu alikuwa na mwaka na miezi minane, na kila babu alipombeba alilia kama anadungwa sindano. Jumatatu binti yake angerudi kazini, naye alishasema waziwazi: asubuhi mtoto atakaa na babu asiyemliza. Babu wa pili, baba wa mkwe wake, alikuwa kinyozi. Kipimo hakuwa na ugomvi na vinyozi, ila alishangaa mtu mzima anawezaje kumaliza maisha yake akikata kitu kinachoota tena.

Muuzaji, dada mwenye subira, alimwonyesha treni nyekundu ya plastiki yenye macho na mdomo.

"Hii inacheka nini?" Kipimo aliuliza.

"Watoto wanaipenda, babu. Ukibonyeza hapa inaimba."

Akabonyeza, ikaimba. Akairudisha rafuni kwa vidole viwili, kama mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi. Ya pili ilikuwa ya mbao na haikuwa na reli kabisa.

"Treni bila reli hiyo si treni, ni ajali," alisema.

Ya tatu ilikuwa na reli. Basi akatoa futi mfukoni, akapima huku, akapima kule. Kule kulizidi. Alimtazama yule dada kana kwamba ndiye aliyezilaza.

Ndipo alipoiona, juu kabisa, ndani ya boksi kubwa: kichwa cha chuma, mabehewa manne, mataruma ya kubebea reli yamepangwa kama yanavyopangwa na watu wenye akili. Akaliteremsha, akalifungua, akapima mara tatu. Sawasawa! Moyo ukamlainika.

"Hiyo ni ya kuanzia miaka minane, babu," muuzaji alisema.

"Miaka minane ni kwa watoto wa watu," alijibu, akalibeba boksi mwenyewe.

Jumapili alifika kwa binti yake mapema, akapiga magoti sebuleni, akalaza reli karibu saa nzima. Mjukuu alisimama pembeni, kidole mdomoni, akiangalia. Hakulia. Mwishowe alisogea taratibu, akaweka mkono kwenye goti la babu yake kujishikiza, na mzee akalituliza goti lile lisisogee hata kidogo. Akawasha treni. Ikazunguka bila kutikisika.

Mtoto akaiokota, akaipandisha kwenye paja la babu. "Chuuu!"

"Hapana, mama. Treni haipiti juu ya mguu wa mtu." Akaichukua, akairudisha relini.

Mtoto akaiokota tena, akaipitisha kifuani kwa babu mpaka kidevuni, akicheka. Babu akairudisha tena. Mara ya tatu mtoto alikanyaga kona, na viungo viwili vikaachana.

"Toka njiani!" Kipimo alifoka, kwa sauti ileile aliyowafokea vibarua.

Mdomo wa mtoto ukaanza kutetemeka. Wakati huohuo kinyozi akaingia na treni yake kwapani, nyekundu, yenye macho na mdomo. Hata viatu hakuvua vizuri. Alijitupa sakafuni kwa mikono na magoti, na mtoto akaiendesha treni mgongoni mwake, shingoni, hadi kwenye kipara, huku ikiimba wimbo wake wa kipumbavu. Mzee mzima! Na mtoto akacheka hadi akakaa chini.

Kipimo aliwapa mgongo, akaanza kuunga kona.

Binti yake alikuja akachuchumaa karibu naye. "Baba, mtoto alikuwa ameshakuja kwako."

"Ameharibu kona."

"Nimeona."

"Haiwezekani mtu akanyage njia, halafu aachwe hivihivi."

Binti aliokota kipande cha reli. Akakitua chini, si mahali pake, akainuka.

"Basi kesho usijisumbue, baba. Babu yake atakuja."

Kipimo alifungua mdomo amuulize, na mimi je, ni nani? Lakini kipande kile kilikuwa kimekaa upande, na treni ilikuwa inangoja. Akainama kukinyoosha.