Sauti ya Mama Ilikuwa kwenye Laini

Naandika nikiwa na hasira, na mtu mwenye hasira hapimi vizuri, kwa hiyo nitajitahidi kupima. Nikikosea mnivumilie. Shule yangu iliishia darasa la saba, na kitu kirefu nilichozoea kuandika ni vipimo vya gauni.

Mama yangu hana sauti. Yuko hai, anakula, anapalilia mboga zake nyumbani Butiama, lakini alipata uvimbe kooni, na madaktari wa Mwanza walipoutoa waliitoa na sauti. Sasa anapumulia tundu la shingoni, analifunika kwa kitambaa. Kusoma hakusoma, kwa hiyo hata kutuandikia hawezi. Kwenye simu tulitengeneza utaratibu wetu: mimi naongea, yeye anagonga simu kwa kucha. Akigonga mara moja ni hapana, mara mbili ni ndiyo, mara tatu ni haya kwaheri.

Siku ya kuamkia safari ya Mwanza, akiwa bado na sauti, alinipigia. Mimi nilikuwa kibandani kwangu Nyakato, hapa Musoma, nashona sare za shule, simu imeisha chaji. Akapokelewa na ile sauti ya mwanamke iliyorekodiwa, ile inayosema unayempigia hapatikani, acha ujumbe baada ya mlio. Wengi wetu tukiisikia tunakata. Mama hakukata. Yeye amezoea kwamba ukimkosa mtu kwake, unamwachia maneno yule uliyemkuta. Aliyemkuta ni huyo binti. Basi akamsalimia.

"Hujambo, binti. Kwenu hawajambo? Sasa huyo unayekaa naye ni mwanangu. Akirudi mwambie kesho napelekwa kupasuliwa. Asinifuate, amalize kwanza nguo za watu, wasije wakamsema. Na sufuria yangu kubwa, ile ya shughuli, iko kwa jirani, aifuate kabla hawajaitoboa. Umesikia?"

Kimya.

"Binti, si nakuuliza umesikia?"

Kimya.

"Mbona hunijibu? Hata kwenu unawafanyiaga wakubwa kiburi hivi?"

Hapo akafukuza mbuzi waliokuwa wameingia kwenye mahindi, akarudi kwenye simu akihema, akaniita kwa lile neno la lugha ya kwetu alilokuwa ananiitia nikiwa mdogo. Neno hilo siliandiki hapa. Kisha akakata.

Ujumbe huo ulituchekesha sana. Mdogo wangu wa kiume, anayeishi Bunda, alikuwa akija Musoma ananiambia, "Dada, tuwekee mama akigombana na mtandao." Baada ya upasuaji hatukucheka tena vilevile, kwa sababu tulipotafuta tuligundua hakuna mwingine aliyewahi kumrekodi. Harusi zote zile, misiba yote ile, mama anaimba kuliko wote, na hakuna. Sauti yake iliyobaki duniani ilikuwa hiyo moja, anamgombeza mtu asiyekuwepo.

Kwa hiyo niliitunza simu. Ilikuwa simu ndogo ya vibonyezo. Nikitaka kusikiliza napiga namba fupi ya ujumbe wa sauti, mama anaongea, halafu yule binti ananiuliza kama nataka kuhifadhi. Nabonyeza. Anasema, "Ujumbe wako umehifadhiwa." Kila mara alisema hivyo. Naomba mlishike hilo neno, maana nitalirudia.

Baadaye nilinunua simu kubwa ya kugusa. Mdogo wangu akanishauri niweke laini ya kampuni nyingine, ile anayotumia yeye, tuwe tunaongea kwa nafuu. Ushauri ulikuwa mzuri, simlaumu. Simu ndogo niliizima na laini yake ikiwa humo humo, nikaifunga kwenye kipande cha kitambaa cha mahameli, nikaiweka kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Watoto wa jirani hawakuruhusiwa kuligusa kopo. Hata mimi nikajizuia kusikiliza, nisije nikachosha betri. Nilijiona nina akili.

Mdogo wangu alipokuwa anabatiza mtoto wake, shughuli ikafanyika Butiama. Mtoto huyo alizaliwa baada ya upasuaji. Akaniambia, "Njoo na ile simu, mwanangu amsikie bibi yake." Nikalitoa kopo, nikapanda gari Musoma, nikashuka Kiabakari na kumalizia kwa pikipiki, kopo mapajani kama yai.

Mama alikuwa amenuna. Alikuwa ameninunia kwa wiki nyingi. Nikimpigia kwa laini mpya anagonga mara tatu kabla sijamaliza salamu. Siku hiyo nilimletea furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani anaowapenda, akalisukuma bakuli kwa jirani. Nikamwamkia, akageuza uso. Halafu akanionyesha simu yangu kwa kidole, akajishika kidevuni akivuta ndevu za hewani, akatema mate pembeni.

"Anasema nini?" nikamuuliza mdogo wangu.

"Ndevu? Si yule daktari wa ndevu aliyempasua. Bado ana hasira na daktari."

Tukaridhika na hilo. Watu wawili wazima.

Baada ya chakula nikaifungua simu ndogo mbele ya watu wote. Ikawaka vizuri, nikafurahi. Nikapiga namba fupi. Haikuita. Nikapiga tena. Kwenye kioo pakaandikwa kwamba laini haijasajiliwa. Mdogo wangu akaichukua, akaizima, akaiwasha, akanirudishia.

"Dada, hii laini mara ya mwisho uliitumia lini?"

"Nimeitunza! Haijaguswa na mtu!"

"Ndiyo ninachouliza. Laini isipotumika wanaifunga."

"Waifunge laini, mimi nataka sauti. Sauti imo humu."

"Haimo humo. Haikuwahi kuwemo. Ile namba fupi ulikuwa unapiga kwao, wao ndio walikuwa nayo. Simu ilikuwa mlango tu." Akaona uso wangu, lakini mzaha ukawa umeshamtoka: "Umetunza kopo, dada."

Shangazi mmoja akacheka. Mama alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ukalegea, maana aliona nalia na hakujua kwa nini.

Kesho yake asubuhi nilikuwa mjini Musoma, kwenye ofisi ya kampuni yenyewe. Siitaji jina, na sidhani wengine wangefanya tofauti. Kijana wa huduma kwa wateja alinipa kiti. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kutazama saa. Ningependa kusema alikuwa na dharau, ingenisaidia, lakini hakuwa nayo.

"Pole sana, mama. Ujumbe wa sauti unakaaga kwenye mitambo yetu, sio kwenye simu. Na unakaa kwa muda. Muda ukiisha, au laini ikifungwa, mtambo unafuta wenyewe."

"Lakini nilibonyeza kuhifadhi. Binti wenu akasema umehifadhiwa."

"Umehifadhiwa kwa muda huo, mama."

"Muda huo aliutaja?"

Akafikiri. "Kwenye ile sauti, hapana. Kwenye vigezo na masharti upo."

"Mimi nikikuhifadhia gunia la mtama, ukija ukakuta nimelimwaga, nikakwambia muda uliisha, utaniitaje?"

Nikapandisha sauti, watu kwenye foleni wakageuka. Nilimwambia kwamba wamemchinja mama yangu mara ya pili. Maneno hayo hayakuwa haki, hakuna aliyemchinja hata mara ya kwanza, na kijana yule ameajiriwa tu. Alichonijibu ni kwamba ningeweka simu nyingine pembeni nikairekodi wakati inaongea, ingekuwa yangu mpaka leo. Alisema kwa upole. Nilitamani kumpiga. Jambo dogo kama hilo, angeweza kulifanya mtu yeyote, na mimi nilikuwa nayo simu ya pili! Hakuna aliyeniambia. Sijui kama nina haki ya kudai niambiwe. Nadhani ninayo. Ukiwa umeshika kitu cha mtu, na unajua utakitupa, unamwambia.

"Basi nirudishieni namba yangu," nikasema.

Akaangalia kwenye kompyuta. "Namba imeshauzwa kwa mteja mwingine, mama."

Nilitoka nje, nikasimama kwenye kivuli cha duka la vipuri, nikaipigia namba yangu mwenyewe. Sijui nilitegemea nini. Labda kwamba huyo mwingine ameikuta sauti ya mama humo, kama mpangaji anavyokuta kiti cha mpangaji wa zamani.

"Naam, boda hapa, uko wapi nikufuate?" Sauti ya kiume, na upepo.

Nikamweleza. Alikuwa dereva wa bodaboda Bunda. Hakuna sauti aliyoikuta, hakuna ujumbe wowote. Alinisikiliza, halafu akasema, "Kumbe namba ilikuwa ya kwako. Basi mama, nisaidie kitu. Kuna mtu ananipigiaga hajiongeleshi. Anagongagonga tu. Ko, ko. Mchana, asubuhi, nikiwa na abiria. Mwanzo nikajua mtandao. Baadaye nikaona ni watu wa mambo yao ya kichawi wananichezea."

Nikakaa kwenye tairi la kuuzwa.

"Ukafanya nini?"

"Nilimtukana, mama. Sitakudanganya. Nilimtukana vizuri, zaidi ya mara moja. Ni mtu wako huyo?"

Ndipo nikazielewa ndevu. Mama hajui kusoma majina kwenye simu. Mdogo wangu alimwekea namba yangu mpya, kweli aliiweka, lakini mama hatafuti jina, anabonyeza namba aliyoikariri tangu nipate simu ya kwanza. Vidole vyake vinaijua kama vinavyojua kufunga mlango gizani. Alikuwa ananipigia mimi. Na ndani ya simu yangu alikuwa anapokelewa na mwanaume anayemtusi. Mimi ni mjane siku nyingi. Mama aliamini nimeingiza mwanaume Kigera, nyumbani kwangu, mwanaume anayenitukania mama yangu, na mimi nimekaa pembeni namwangalia. Wiki zote hizo aliyabeba hayo bila mdomo wa kuniuliza.

Nikamrushia dereva yule maneno ambayo hata yeye hakuwa ameyatumia. Akasema, "Sawa. Nimestahili." Nikamwambia airudishe namba. Hapo alikataa. Ameisajili kwa alama ya kidole chake, ameiandika kwa rangi kwenye pikipiki na mgongoni kwa koti, wateja wake wote wanaijua. Alikuwa na haki, na haki yake iliniudhi kuliko matusi.

Jumapili nikarudi Butiama. Nikakaa na mama jikoni, nikampigia dereva, nikaweka sauti ya nje, simu nikaiweka kwenye kigoda kati yetu.

"Shikamoo mama," akasema. "Mimi ndiye yule niliyekutukana. Sikai na mwanao, wala simjui. Niliuziwa namba tu. Naomba unisamehe."

Mama aliitazama simu. Kisha akanitazama mimi, juu mpaka chini, kama anaangalia pindo kama limenyooka. Akagonga mara moja.

"Amesema nini?" dereva akauliza.

"Amesema hapana." Sitaficha, nilifurahi.

"Mama yangu, nilikuwaga na abiria, nilichanganyikiwa. Nisamehe."

Mara moja tena.

"Mama, nikija kijijini kwenu nitakubeba bure mpaka sokoni na kukurudisha, na pikipiki sitakimbiza."

Mabega ya mama yakaanza kutikisika. Hivyo ndivyo anavyocheka sasa. Akagonga mara mbili, akanivutia bakuli la furu niwachambue, na kununa kukaisha.

Nilimfundisha namba mpya. Nilimshika kidole, tukabonyeza pamoja mara nyingi. Alikubali kwa adabu, na nilipoondoka akaendelea na ya zamani. Kwa hiyo sasa inakuwa hivi: mama akinihitaji anapiga Bunda. Dereva anapokea, anamwamkia, mama anagonga. Dereva ananiandikia ujumbe mfupi: "Mama yako amegonga." Nami nampigia mama.

Mdogo wangu anaona ni kichekesho kizuri, kwamba mama hatimaye amempata wa kumwachia maneno. Labda ni kichekesho. Mimi bado nina hasira. Yule binti wao alipokea maneno ya mama yangu, akaniambia ameyahifadhi, akayatupa, na hakuna aliyeniita kunijulisha. Kazi yake anaifanya mwendesha pikipiki, hawamlipi, na wala hawajui.

Nikimpigia mama naongea mimi. Habari za wateja, habari za sufuria. Nikinyamaza nasikia pumzi, na katikati ya pumzi najaribu kukumbuka alivyosema "Mbona hunijibu?" Naijaribu kimoyomoyo, kisha kwa mdomo, nikiwa peke yangu kibandani. Kila nikiijaribu inazidi kufanana na sauti yangu mwenyewe. Mengine yote nimeyapima, na mengi nimeyaachia. Hilo la kunitupia sauti yake siliachii.