Mvua ya Siku ya Tatu

Nagakubo Shuhei ameipiga picha Japani yote, toka visiwa vya joto vya kusini hadi bandari za barafu kaskazini. Kama kuna sherehe ya kijiji ambayo hajawahi kulala kifudifudi matopeni ili aipate vizuri, basi sherehe hiyo bado haijaanzishwa. Alizaliwa Niigata, mtoto wa kinyozi, akaingia Tokyo na kumbebea mabegi mpiga picha mmoja mkali aliyemwita "wewe" kwa miaka minne mfululizo. Leo ana miaka sitini na saba, na yeye ndiye anayeitwa Mwalimu. Lakini kila ikifika Desemba, Mwalimu huyu hunywea kama mtoto aliyevunja sahani.

Sababu ni sanduku. Kila Desemba, posta ilimletea sanduku la makaki makavu, matunda ya rangi ya chungwa, kutoka kwa Bi Tsuneyo wa Kamisawa, kijiji cha milimani. Makaki ya kule ukiyala mabichi, ukakasi wake unakukaza ulimi hadi ukome. Ndiyo maana watu huyamenya, wakayafunga kwenye kamba na kuyaning'iniza chini ya paa, nje, wiki sita, hadi utamu utoke. Jua yanalipenda, baridi yanaipenda. Mvua ya vuguvugu ndiyo inayoyaua.

Na Nagakubo aliyajua hayo. Jamani, mtu amezaliwa nchi hiyo hiyo, angeachaje kuyajua?

Miaka thelathini na moja iliyopita, mwezi wa Novemba, alifika Kamisawa akiwa hana jina, viatu vinavuja, anatafuta picha moja ya kumtoa. Akaikuta nyumba ya Bi Tsuneyo: kamba mia na ishirini za makaki zimefunika baraza lote, rangi yake inawaka. Akatamani theluji nyuma yake.

"Mwalimu, hewa inanuka mvua," Bi Tsuneyo alimwambia. Alikuwa mtu wa kwanza kabisa kumwita hivyo. "Nataka niyaingize ndani."

"Siku tatu tu, Mama. Nakuomba."

Bi Tsuneyo alicheka kidogo, akainamisha kichwa pembeni. "Aa... haya. Kama Mwalimu anasema."

Huko kwao jibu la namna hiyo si ndiyo. Ni hapana iliyovaa nguo za kutokea. Nagakubo aliisikia ile hapana, akajifanya ameisikia ndiyo.

Siku ya pili asubuhi theluji ilianguka kwa saa moja, kisha jua likatoka. Akapiga. Alipobonyeza tu alijua kwamba ameipata. Hapo angesema, "Mama, nimemaliza, ingiza matunda yako." Hakusema. Tamaa ilimwambia labda kesho itakuwa nzuri zaidi. Alfajiri ya siku ya tatu alikuwa macho kwenye nyumba ya wageni, akaisikia mvua ikianza juu ya bati, mvua nzito, ya vuguvugu. Akafunga begi, akapanda basi la kwanza.

Picha ile ilishinda tuzo. Ikampa majarida, safari, maonyesho, ikampa hata mke, maana walikutana mbele yake ukutani. Na Desemba ile ile sanduku la kwanza likaja, na kikaratasi: "Asante kwa kutupiga picha nzuri." Nagakubo alikisoma akiwa amesimama jikoni, akakaa sakafuni. Akajibu kwa barua ya shukrani na kopo la biskuti za Tokyo. Mwaka uliofuata hivyo hivyo. Aliandika habari za magoti yake na za baridi. Habari za mvua, wala! Kila mwaka alijiambia mwakani nitasema.

Mwaka huu sanduku halikuja. Tarehe kumi na tano, kumi na nane, kimya. Bi Tsuneyo alikuwa na miaka tisini na moja. Tarehe ishirini Nagakubo akashikwa na hofu kwamba amechelewa, kwamba neno lile litabaki kifuani mwake hadi aingie nalo kaburini. Akanunua kopo la biskuti, akapanda treni.

Mlango ulifunguliwa na Mitsue, binti wa Bi Tsuneyo, ambaye naye sasa ana mvi.

"Ooo, Mwalimu! Theluji iko nyuma ya nyumba, safari hii huna haja ya kuisubiri."

"Dada Mitsue... Mama yupo?"

"Yupo. Alianguka Oktoba akavunjika mkono. Ulimi haukuvunjika, ingia tu."

Bi Tsuneyo alikuwa ameketi kwenye meza fupi yenye kipasha joto chini yake, blanketi limemfunika hadi kiunoni, mkono mmoja kwenye plasta. Alipomwona tu akainama hadi paji la uso likagusa meza.

"Mwalimu, nisamehe sana. Mwaka huu sikukutumia kitu. Nimekosa adabu, naona haya."

Nagakubo aliinama chini zaidi. Neno alilotoka nalo Tokyo lilikuwa hilo hilo, nisamehe, na sasa bibi wa watu amemtangulia nalo. Wakabaki wameinama wote wawili.

"Mtagongana vichwa," Mitsue alisema, akaenda kuleta chai.

Wakanywa chai. Wakasifu biskuti. Nagakubo aliona wazi kwamba angeweza kuaga sasa na kwenda zake, na hakuna ambaye angemlaumu. Ndipo akajichukia kabisa.

"Mama, ile mvua. Ya siku ya tatu. Niliisikia ikianza. Badala ya kuja kukusaidia nikakimbilia basi. Na picha nilikuwa nimeshaipata jana yake."

Bi Tsuneyo alipuliza chai yake. "Najua. Dereva wa basi alikuwa shemeji yangu. Alisema umekaa siti ya nyuma umekumbatia begi kama mwizi wa kuku."

"Yaliharibika mengi?"

"Mengi?" Mitsue alidakia. "Yote! Ukungu wa kijani, tukamwaga mtoni. Sanduku la kwanza ulilopata tulinunua kwa jirani, eti Mwalimu asijue, atajisikia vibaya."

"Mitsue, nyamaza. Lile neno 'haya' nililisema kwa mdomo wangu, na mikono ya kuyaingiza nilikuwa nayo. Mvua nilikusamehe kabla ya mwaka mpya, Mwalimu." Halafu akamwinamia, macho yamechangamka. "Hebu niambie, ya mwaka juzi uliyaonaje? Baridi ilikuwa kali, yalitoka matamu kuliko yote."

Katika barua aliandika ni matamu kama asali. Angeweza kuyarudia maneno hayo.

"Sikuyala, Mama. Sijawahi kula hata moja. Hayakupita kooni, kwa aibu. Nilikuwa nikiyagawa."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Na zile barua?"

"Niliongopa."

Uso wa Bi Tsuneyo ulifungika. Akautazama mkono wake kwenye plasta. "Miaka thelathini nimekumenyea kwa mikono hii. Vidole vinaganda. Yale makubwa nilikuwa nakuchagulia wewe."

Nagakubo alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuja kulipia kosa moja, kumbe kubwa alikuwa akilifanya kila Desemba.

"Mitsue, kalete moja."

"Mama, yale niliyaanika juzi juzi tu, hata siku kumi—"

"Nimesema kalete."

Mitsue alitoka barazani, akarudi na kaki moja, nje limeanza kunyauka, ndani bado bichi. Bi Tsuneyo akaliweka kwenye kisahani, akakisukuma kwa mkono mzima.

"Kula, Mwalimu."

Akauma. Ukakasi ukamkamata ulimi, mashavu yakagandamana na meno, machozi yakamtoka yenyewe.

"Mama, bado halijawa tayari."

"Najua," Bi Tsuneyo alisema. "Malizia."

Akamalizia hadi kwenye kikonyo, na Bi Tsuneyo akamkazia macho kooni mpaka alipomeza.